Jibu mukiliya! Mutandao si ubao wa matangazo



"Bei ni ngapi?"

"Inboksi."

Kila kijana mwenye simu Goma, Bukavu, Butembo, Uvira ao Lubumbashi anajua mazungumuzo hayo. Umeona picha ya viatu. Vinakupendeza. Unauliza bei mbele ya watu wote, unaambiwa uende kando. Unaenda. Unaandika tena: "Bei ni ngapi?" Unangoja saa moja, unangoja mupaka magaribi. Kesho yake jibu linakuja: "Bado unavitaka?" Siku ingine jibu halikuji kabisa. Wakati huo mega zimeisha, na makuta uliyokuwa umeweka pembeni yamekwenda kwa maharagi na makala.

Leo tunataka kuongea juu ya jambo hilo. Tunajua wengine watauliza: nyinyi vijana wa kudai haki, biashara ya viatu inawahusu nini? Inatuhusu kabisa. Katika miji yetu kijana anamaliza masomo, anabeba diplome yake kutoka ofisi mupaka ofisi, kisha anarudi nyumbani na vumbi kwenye viatu. Wengi njo wakaanza kuuza kwenye simu: vitenge, nywele, keki, juisi, vyombo, mitumba, sambaza ya ziwa, jibini ya Masisi, nanasi na kahawa ya Idjwi. Hawana butike, hawana kaunta, hawana makuta ya kupanga nyumba kwenye barabara kubwa. Wana simu moja na jina lao. Biashara hiyo ikikufa, hatupotezi faida tu. Tunapoteza moja kati ya njia chache ambazo kijana wa hapa anaweza kukula bila kupiga magoti mbele ya mukubwa na bila kubeba bunduki.

Kwa hiyo swali la namna ya kuuza kwenye mutandao ni swali letu. Na jibu letu ni fupi: mutandao si ubao wa matangazo, ni kaunta. Kwenye kaunta mutu akikuuliza, unamujibu.

Soko limehamia kwenye simu

Hatukuchagua hiyo kwa sababu ya kupenda vitu vya kisasa. Ni maisha yalitusukuma. Tarehe 22 Mei 2021 volkano Nyiragongo ilipolipuka, na siku chache nyuma yake sehemu kubwa ya watu wa Goma ikaambiwa ihame, wenye biashara walitawanyika: wengine Sake, wengine Minova, wengine Bukavu, wengine ngambo ya mupaka. Butike ilibaki na kufuli, lakini namba ya simu ilikwenda na mwenyewe. Mukiliya aliyekuwa na namba alimupata. Asiye na namba alipotea.

Mwaka 2025 somo lilirudi kwa nguvu zaidi. Vita ilipoingia Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, banki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na makuta ya mukononi yakawa shida. Mutu alikuwa na akiba kwenye banki lakini hakuweza kuigusa. Nani aliendelea kuuza? Ni yule ambaye watu walikuwa wanamuamini kwenye simu. Mutu anamutumia makuta kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, anapakia mufuko kwa motari, anapiga simu: "Mama, umefika?" Biashara nzima ilisimama juu ya neno hilo moja, kuamini.

Ni hapo tatizo letu linaanzia.

Mwizi anaiba mara mbili

Mumoja wetu aliona ukurasa wenye picha nzuri za viatu. Wafuasi wengi, maua mengi kwenye komenti. Aliagiza, akatuma dola 35, pamoja na makuta ya kutosha juu yake. Aliyepokea alisoma ujumbe, akamufungia namba. Hakuna anwani, hakuna jina la kweli, hakuna mahali pa kulalamika. Basi, imekwisha.

Lakini haikuishia hapo. Dada wa kijana huyo anauza nywele na mafuta kwenye WhatsApp. Ni mutu wa haki, hajawahi kudanganya mutu. Siku chache nyuma yake, wakiliya wake watatu walimuambia neno moja: "Leta kwanza nione, njo nitalipa." Wamesikia habari za watu walioliwa, wanaogopa. Dada akalipa motari kutoka mufuko wake. Mukiliya wa kwanza alichukua. Wa pili hakuwa nyumbani. Wa tatu alisema rangi haifanani na picha. Ile siku dada alipata faida ya chupa moja ya mafuta na akapoteza kwa motari faida ya chupa tatu.

Hiyo njo tunaita kuiba mara mbili. Mwizi alikula dola 35 za kaka, kisha akakula safari mbili za dada, na hajui hata kama dada huyo yuko duniani. Kila muongo kwenye mutandao anatoza ushuru wauzaji wote wa kweli. Na sababu muuzaji mudogo hawezi kumukamata mwizi, silaha yake ni moja: aoneshe wazi kabisa, kila siku, kwamba yeye si mwizi. Yote tunayosema chini yanatoka hapo.

Andika bei

Wenye kuficha bei wana sababu zao. Wanasema washindani wataona. Wanasema bei inabadilika pamoja na dola. Wanasema mukiliya akija inboksi wanaweza kumubembeleza. Tumezisikia hizo sababu, na tunasema: zinawagharimu kuliko zinavyowasaidia.

Mushindani wako akitaka kujua bei yako atatuma mudogo wake aulize, huwezi kumuzuia. Kama dola inapanda, andika: "Bei ya wiki hii." Mutu wa Kongo anajua dola inapanda, hatakukasirikia. Lakini mukiliya asiyeona bei anafikiri mambo mawili: pengine ni ghali sana, ao pengine wananipima sura ndipo waseme. La pili njo baya zaidi. Kila mutu hapa ameshaonja ofisi ambako bei ya karatasi inategemea koti ulilovaa. Usimukumbushe hiyo kwenye duka lako.

Andika bei, andika vipimo, andika rangi zilizobaki, andika mutaa unakofikisha na motari anachukua ngapi. Mistari mine. Aliyeisoma na akaandika "naitaka" huyo ni mukiliya. Wengine wamekupunguzia kazi ya kujibu.

Piga picha yako mwenyewe

Picha uliyochukua kwenye intaneti ni nzuri, lakini si yako. Mukiliya akipokea kitu kingine, hata kama kitu chako ni kizuri, atasema umemudanganya, na atakuwa na haki. Weka kitu juu ya meza yako, karibu na dirisha, asubuhi. Piga. Weka mukono wako pembeni ili ukubwa uonekane. Kama kuna kasoro, kifungo kilianguka ao kitambaa kimekwaruzwa, piga picha ya kasoro hiyo pia na useme bei imepunguzwa ju yake. Muuzaji anayeonesha kasoro yake mwenyewe anauza hiyo nguo na nguo kumi zingine zisizo na kasoro.

Fikiria pia mega za mukiliya. Wengi wananunua mega za siku moja, wengine za saa moja. Video nzito ya dakika tano yenye muziki haifunguki, ao inafunguka na kumaliza forfe yote. Picha mbili nyepesi na maneno yaliyoandikwa vizuri zinafika mbali kuliko video ya mastaa. Kitu chenye kuhitaji video, kama jinsi ya kufunga kitenge ao jinsi ya kutumia mashine, kifanyie sekunde 30.

Jibu, na jibu kwa lugha yake

Hii njo roho ya andiko letu. Tumeona biashara zinatafuta wafuasi wengi, zinanunua hata "like" za uongo, lakini komenti 40 chini ya posti hazina jibu hata moja. Wafuasi 10 000 wasiojibiwa ni watu 10 000 walioona kwamba haujibu. Muuzaji mwenye watu 150 kwenye WhatsApp, anayejibu wote siku hiyo hiyo, atalala na makuta.

Jibu haliombi maneno mingi. "Ndiyo iko." "Imeisha, itarudi siku ya ine." "Kwa sasa niko sokoni, nitakujibu saa kumi na mbili." Hilo la mwisho ni la maana sana: mutu haogopi kungoja, anaogopa kungoja bila kujua. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018 na ambayo ni ya bure, inaweza kutuma ujumbe kama huo yenyewe wakati hauko. Ina pia katalogi ya kupanga vitu na bei zake, na majibu mafupi ya kutayarisha mbele ili usiandike "tunafikisha Himbi, Katindo na Majengo" mara mia kwa siku. Vijana wengi wanaotumia WhatsApp ya kawaida kwa kuuza hawajui kwamba kitu hicho kiko na hakiombi hata franga moja.

Jibu kwa lugha ya mukiliya. Kuna biashara za hapa zinaandika Kifaransa cha ministeri kwa mama anayetafuta sufuria. "Chère clientèle, nous avons l'honneur..." Heshima gani hiyo, mama? Andika Kiswahili, kile tunachoongea nyumbani na kwenye basi. Kwa yule ambaye hasomi haraka, tuma sauti. Sauti ya sekunde kumi, "Mama, jambo, ile sufuria kubwa ni dola kumi na mbili, na kifuniko kiko," inauza kuliko ukurasa muzima. Mukiliya akikutumia sauti, musikilize mupaka mwisho. Na ukiongea na mukubwa, ongea naye kama unavyoongea na mukubwa. Simu haiondoe heshima.

Kosa likifika, liseme wewe wa kwanza

Keki imeanguka kwenye pikipiki. Rangi ya kitenge imetoka ndani ya maji. Motari amechelewa na sherehe imekwisha. Haya yanafika kwa kila mutu anayefanya kazi. Tofauti iko katika dakika kumi zinazofuata.

Wengi wanafuta komenti na kumufungia aliyelalamika. Wanafikiri wamezima moto. Kumbe wamemutuma mutu mwenye hasira, mwenye picha ya mazungumuzo, kwenye magrupu kumi ya muji. Afadhali ujibu pale pale, mbele ya wote: "Ni kweli, keki ilifika imevunjika. Kosa ni letu. Tumemurudishia nusu." Watu mia watasoma malalamiko, na watu mia hao hao watasoma jibu. Kwa wengi wao, malalamiko yaliyojibiwa vizuri yanajenga imani kuliko ukurasa usiokuwa na malalamiko hata moja, sababu kila mutu anajua kazi bila kosa haiko.

Juu ya malipo pia, tugawane woga. Mukiliya anaogopa kutuma makuta yote, muuzaji anaogopa kutuma motari bure. Basi mukiliya atume ya motari mbele, na bei ya kitu atalipa akikiona. Wauzaji wengi wanafanya hivyo sasa, na ni sawa. Aliyetuma ya motari hatafunga simu motari akifika mulangoni.

Usiuze damu

Tunasema jambo hili kwa uzito. Katika miji yetu yenye vita, watu wanafungua simu asubuhi ili wajue kama ndugu yao bado anaishi. Kuna kurasa za biashara zinazotumia hiyo njaa ya habari: zinaweka picha ya maiti, ama uvumi wa mapigano, watu wanakimbilia kutazama, kisha chini yake kuna tangazo la sabuni. Zinapata watazamaji siku hiyo. Lakini uvumi huo umefanya mama mumoja abebe watoto na kukimbia usiku bila sababu, ama umefanya mwingine abaki mahali alipopaswa kutoka.

Kama unauza sabuni, uza sabuni. Kama siku ni ya kilio, nyamaza siku hiyo, ama sema neno moja la pole. Grupu ya biashara ibaki ya biashara. Anayesimamia atoe uvumi, atoe matusi ya makabila, hata kama aliyetuma ni mukiliya muzuri. Mutu hawezi kununua kwa amani mahali ambapo kabila lake linatukanwa. Hapa faida na utu vinaenda njia moja.

Weka namba zako kwenye daftari

Ukurasa wako si wako. Uko kwenye nyumba ya mutu mwingine, na anaweza kukutoa bila barua. Akaunti inaibiwa, inafungwa, simu inachukuliwa usiku na wenye bunduki. Tena statu ya WhatsApp inaisha nyuma ya saa 24, na ukituma ujumbe kwa orodha ya watu wengi, unafika kwa yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Njo maana kila ukiuza, omba jambo moja: "Yaya, hifadhi namba yangu, nitakuambia vikifika vingine." Na wewe usiku, kabla ya kulala, andika kwenye daftari la karatasi jina, namba, mutaa, na alichonunua. Daftari haliombi mega wala umeme.

Tena tunajua kuna siku mutandao wenyewe utazimwa. Hatutabiri, tunakumbuka. Januari 2015, watu walipoandamana juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho ya kura, ikakatwa tena inchi nzima, siku karibu 20. Wakati huo wakubwa walisema ni kwa ajili ya usalama. Hakuna aliyehesabu keki zilizooza, oda zilizopotea, kijana aliyekula kapitali yake ju hakukuwa na njia ya kuuza.

Kwa makampuni makubwa

Mupaka hapa tumeongea na wadogo. Sasa tugeuke kwa wakubwa: makampuni ya simu, ya umeme, ya maji, ya kutuma makuta, banki. Nyinyi muna kurasa nzuri, muna watu wa kulipwa kwa kazi hiyo. Lakini tukiandika "mega zangu zimeliwa usiku bila kutumia", tunapata jibu la mashine: "Jambo mukiliya mupendwa, tuandikie kando." Tunaandika kando. Kando hakuna mutu. Siku inayofuata munaweka picha ya tombola na msanii.

Mama wa sambaza anajibu wakiliya wake huku anapima samaki na mutoto mugongoni. Kampuni yenye nyumba ya gorofa inashindwa nini? Tunaomba mambo matatu mepesi. Moja, bei zote ziandikwe wazi, pamoja na makato ya kutuma na ya kutosha makuta, kwa Kiswahili na kwa lugha zingine za inchi. Mbili, malalamiko yaliyoandikwa hadharani yajibiwe hadharani, musiyafute. Tatu, mukishindwa, mitambo ikianguka ao bei ikipanda, museme nyinyi wa kwanza, tusisikie kwenye redio trotwari.

Wasifikiri kwamba hatuna nguvu. Tukumbuke ushuru wa RAM ulioanza Septemba 2020. Ulikatwa kwenye unité zetu, mupaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ao 4G. Watu waliandika, walipiga kelele, waliandamana, wabunge wakaulizwa, na mwaka 2022 ushuru huo ukaondolewa. Komenti zile zilizoonekana za mizaha zilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mukiliya aliyeungana na wengine ni mwananchi.

Kwa serkali na wote wanaoshika muji

Tangu tarehe 13 Machi 2023 inchi yetu ina Kodi ya mambo ya dijitali, inayogusa pia biashara ya kwenye mutandao. Muzuri. Lakini kijana anayeuza juisi Birere ao Kadutu hajawahi kuielezwa. Anaisikia tu wakati mutu anakamatwa kwa sababu ya posti. Sheria ikisikika kama fimbo tu, itaogopwa kama fimbo. Ielezwe kwa Kiswahili: muuzaji anadaiwa nini, mukiliya aliyeliwa makuta yake aende wapi, na ofisi ile imujibu kwa siku ngapi. Leo kijana wetu wa dola 35 hakujua aende wapi. Hiyo ni kazi ya serkali, si ya WhatsApp.

Na tusiwageukie wauzaji hawa kwanza na risiti za ushuru mukononi. Kijana mwenye kapitali ya dola 50, ambaye barabara yake imefungwa na banki yake imefungwa, usimufikishie patanti kabla haujamufikishia usalama. Yeyote anayetawala muji, leo ao kesho, ajue: kukata mutandao ni kufunga soko la watu ambao soko lingine hawana.

Na sisi wakiliya?

Tusijitoe. Kuna mukiliya anayeomba picha 20, anauliza bei mara tano, anaagiza, motari anafika, simu imezimwa. Huyo naye ni mwizi, tofauti ni kwamba hakubaki na kitu mukononi. Kuna anayeandika "huyu ni muongo" kabla hata ya kumupigia simu muuzaji, na jina la mutu linaharibika kwa saa moja. Ukiwa na shida, muulize kwanza, muachie siku moja, kisha sema ukweli wote pamoja na sehemu yako ya kosa.

Na ukihudumiwa vizuri, sema pia! Tunakuwa wepesi kulalamika, wazito kushukuru. Picha ya kitenge umekivaa, na maneno "nilimutumia makuta, akanitumia kitu sawasawa", kwa muuzaji mudogo hiyo ni barua ya banki. Njo kapitali yake. Haikugharimu kitu.

Wandugu, hatuwaombi mungojee mutu aje kupanga soko hili. Lianzie kwenye simu iliyo mukononi mwako. Wewe unayeuza: leo jioni pitia posti zako tano za mwisho, andika bei chini ya kila moja, kisha jibu kila komenti uliyoacha, hata ya mwezi uliopita. Sema tu: "Samahani kwa kuchelewa, bado iko." Wewe unayenunua: chagua muuzaji mumoja wa kweli unayemujua, na umutaje kwa wengine watatu. Wewe unayesimamia grupu: weka kanuni moja, asiye na bei asiposti.

Tumezoea wakubwa wanaotangaza bila kujibu. Wanasoma komunike, wanafunga kikaratasi, wanaingia kwenye gari. Tumewalalamikia miaka mingi, na tutaendelea. Lakini kwenye kaunta yetu ndogo, mahali ambapo sisi wenyewe tuna madaraka, tusifanye kama wao. Mutu akiuliza, tumujibu.